Dhahabu Inayokoleza Mwanga
Msikilizaji mmoja aliniuliza dhahabu inahusianaje na vipimo vya maradhi. Sikiliza, ndugu yangu. Kuna rangi za maabara ambazo zikimulikwa hung'aa, lakini molekuli moja hutoa mwanga hafifu mno. Mwaka 2012 wataalamu wa Braunschweig, Ujerumani, walijenga nguzo ya DNA, wakabandika chembe mbili za dhahabu, na rangi wakaiweka kwenye mwanya wa nanomita 23 baina yake. Mwanga ukaongezeka hadi mara 117! Chembe hizo hunasa mwanga kama antena inavyonasa mawimbi ya redio. Ila rangi ikiigusa dhahabu huzimika. DNA ndiyo inayolinda umbali. Mwaka 2021, kwa chembe za fedha, darubini ndogo ya simu ya mkononi ilitosha kuona molekuli moja moja. Mimi naziwazia zahanati zetu, ambako sampuli hupanda basi kwenda mjini na majibu hurudi mgonjwa keshazidiwa.