Maziwa ya Moto ya Mpemba

Nyinyi mlio gredi ya 7 hadi ya 9, walimu wenu wa sayansi huwaambia: fikirini, msikariri tu. Lakini mtu hufikiri vipi darasani? Tumtazame kijana mmoja wa kwetu.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, Tanganyika. Wanafunzi walitengeneza aiskrimu: walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakangoja yapoe, ndipo wakayaweka kwenye friza. Siku moja nafasi ilikuwa inakwisha. Mpemba akaweka yake yakiwa bado moto. Mwenzake aliweka ya baridi, bila kuyachemsha. Baada ya saa moja na nusu, ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake bado.

Alipomwuliza mwalimu sababu, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akachekwa. Alitia maji ya moto na ya baridi, kiasi kilekile, katika vyombo viwili, akajaribu mwenyewe.

Kisha Dkt. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam akaitembelea shule. Mpemba akauliza swali lake mbele ya wote. Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka, wala hakukubali papo hapo. Aliporudi Dar es Salaam aliagiza jaribio lifanyike. Fundi wa maabara akamwambia kwamba maji ya moto yametangulia kuganda, ila atarudia mpaka apate jibu sahihi! Mnaona? Hata maabara mtu huweza kukataa anachokiona. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha matokeo yao katika jarida la Physics Education.

Haikuishia hapo. Mwaka 2016 Burridge na Linden, wanasayansi wa Uingereza, walipima upya, wasipate ushahidi wa kuridhisha. Walionyesha kuwa kipimajoto kikisogea sentimita moja tu, matokeo yanaweza kubadilika. Hadi leo wanasayansi wanabishana. Dai la mtu maarufu nalo hupimwa.

Wazazi, wengi wetu tulilelewa tukijua kuwa mtoto anayemhoji mkubwa hana adabu. Mtoto wa Overport shuleni husifiwa kwa kuhoji, akifika nyumbani hunyamazishwa. Tusimwache njia panda. Mfundisheni kuuliza kwa heshima: "Samahani baba, umejuaje?" Nanyi msione aibu kumjibu: "Sijui mwanangu, tujaribu."

Basi jaribuni wikendi hii. Chukueni vikombe viwili vya bati vinavyofanana. Tieni maji ya kipimo kimoja: kimoja ya bomba, kingine ya moto, na mkubwa ndiye amimine. Andikeni kwanza mnachotarajia. Viwekeni kwenye friza, mviangalie kila baada ya dakika 15.

Kabla ya kuyaamini matokeo, jiulizeni: vikombe vilikaa mahali penye baridi sawa? Tukisema "yameganda", tunamaanisha utando wa kwanza wa barafu au kikombe kizima? Tukirudia mara tatu, jibu ni lilelile?

Jumamosi ijayo leteni madaftari, hata kama majibu yenu yanapingana. Hapo ndipo mazungumzo yatanoga. Wahenga walisema, kuuliza si ujinga.