Siri ya ARV: Kimeng'enya cha VVU kinavyohadaiwa ndani ya seli

MAMILIONI ya watu wanaoishi na Virusi vya Ukimwi (VVU) Afrika Mashariki humeza dawa za kurefusha maisha (ARV) kila siku, lakini si wengi wanaofahamu kuwa ushindi au kushindwa kwa dawa hizo huamuliwa na vimeng'enya.

Vimeng'enya ni protini zinazoharakisha kazi za kikemikali mwilini. Seli inapojiandaa kugawanyika, vimeng'enya hunakili DNA yake kwa kuunganisha vipande vidogo kimoja baada ya kingine, mithili ya shanga katika uzi.

VVU hubeba RNA badala ya DNA. Vikishaingia katika seli ya kinga, hutumia kimeng'enya chao, rivasi transkriptezi, kugeuza RNA hiyo kuwa DNA, ambayo hupachikwa katika DNA ya mgonjwa. Kimeng'enya cha aina hiyo kiligunduliwa mwaka 1970 na Wamarekani Howard Temin na David Baltimore, kila mmoja katika maabara yake.

Mwaka 1985, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, wakiwamo Hiroaki Mitsuya na Samuel Broder, waliijaribu AZT, dawa iliyobuniwa mwaka 1964 kwa ajili ya saratani, katika seli za kinga za binadamu zilizokuzwa maabara. Seli zilizotiwa virusi pamoja na dawa hiyo zilinusurika.

AZT hufanana na thimidini, mojawapo ya shanga za DNA. Vimeng'enya vya seli yenyewe huiongezea fosfati tatu. Bila hatua hiyo haina makali. Kimeng'enya cha virusi huipokea kana kwamba ni shanga halali, lakini haina mahali pa kufungia inayofuata. Uzi hukomea hapo.

Vimeng'enya vinavyonakili DNA katika kiini cha seli ya binadamu havihadaiki kwa urahisi huo. Kile cha mitokondria huathirika zaidi, na hicho ni chanzo kimojawapo cha madhara ya dawa hiyo.

Hata hivyo, AZT pekee haikutosha. Kimeng'enya cha virusi hukosea mara kwa mara kinaponakili, na baadhi ya makosa huzaa virusi sugu. Ndiyo maana tangu mwaka 1996 matibabu yamekuwa ya mchanganyiko, kwa kawaida wa dawa tatu.

Kwa mantiki hiyo, mgonjwa anayeruka dozi hukipa kimeng'enya hicho nafasi ya kunakili tena, na kukosea tena.