Mzazi, usimchagulie mtoto masomo kwa stori ya "ubongo wa kushoto, ubongo wa kulia"

Bila shaka umeshaiona hii picha. Inazunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp: ubongo umegawanywa katikati kama embe. Upande wa kushoto una namba na mistari tu, hauna rangi. Upande wa kulia umejaa rangi, muziki na maua. Chini kuna swali: "Wewe unatumia upande gani?"

Kama unaijibu kupoteza muda ukisubiri kivuko cha Kamanga, hakuna tatizo. Tatizo linaanza stori hiyo ikiingia darasani.

"Huyu ni mtu wa ubongo wa kulia. Hesabu haziwezi, mwacheni asome sanaa." Mwanafunzi wa kidato cha pili akiambiwa hivyo na mtu anayemwamini, anaweza kuacha kujaribu kabisa. Na wakati huo ndipo anapokaribia kuchagua masomo.

Sasa tuangalie: sayansi inasemaje hasa?

Stori ilianzia wapi?

Kwanza tuseme ukweli, hii stori haikutoka hewani. Kuna sayansi halisi nyuma yake.

Mwaka 1861 daktari Mfaransa, Paul Broca, alichunguza ubongo wa mgonjwa aliyekuwa amefariki. Enzi za uhai wake mgonjwa huyo alielewa anachoambiwa, lakini neno alilotamka lilikuwa karibu moja tu: "tan". Broca alikuta sehemu ya mbele ya ubongo wake, upande wa kushoto, imeharibika.

Hilo tunaliona hadi leo. Ukienda kumjulia hali mgonjwa wa kiharusi pale Bugando au Sekou Toure, unaweza kukuta amepooza mkono wa kulia na maneno hayatoki. Mara nyingi maana yake ni kwamba kiharusi kimepiga upande wa kushoto wa ubongo. Upande huo ndio unaoendesha mkono wa kulia, na kwa watu wengi ndio unaobeba kazi kubwa ya lugha.

Baadaye, kuanzia miaka ya 1960, Roger Sperry na mwanafunzi wake Michael Gazzaniga walifanya utafiti California, Marekani. Walichunguza wagonjwa wa kifafa kikali ambao madaktari walikuwa wamewakata kiungo kinachounganisha pande mbili za ubongo, ili degedege lisisambae. Waligundua kwamba kila upande, ukitengwa na mwenzake, una mambo unayoyaweza zaidi. Mwaka 1981 Sperry alipewa Tuzo ya Nobel.

Soma tena hapo: wagonjwa hao walikuwa wamekatwa kiungo cha katikati. Wewe na mwanao hamjakatwa.

Mwanza mjini na Kamanga

Fikiria Mwanza mjini na ng'ambo ya pili, Kamanga, kule Sengerema. Kila upande una shughuli zake. Lakini kutwa nzima kivuko kinapita: watu, mizigo, pikipiki, habari. Huwezi kusema "mimi ni mfanyabiashara wa upande mmoja tu" wakati mzigo umetoka huku na mteja yuko kule.

Ubongo wako uko hivyo, ila kivuko chake hakina foleni. Pande mbili zimeunganishwa na nyuzi za mishipa ya fahamu takriban milioni 200, na taarifa zinavuka muda wote, kwa kasi ya ajabu.

Wagonjwa wa Sperry walikuwa kama mji ambao kivuko kimesimamishwa. Kilichoonekana kwao hakiwezi kuchukuliwa kuwa ndiyo tabia ya mtu mzima mwenye ubongo uliounganika. Sperry mwenyewe alionya kwamba wazo hili la kushoto na kulia ni rahisi sana kutiwa chumvi. Na kweli, likatiwa. Vitabu vya kujiendeleza, semina na "vipimo" vya mtandaoni vikafuata.

Je, kuna watu wa kushoto na watu wa kulia?

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walichambua picha za ubongo za watu 1,011 wenye umri wa miaka 7 hadi 29. Walikuta kazi fulani kweli zinaegemea upande mmoja, kama lugha kushoto. Lakini hawakukuta watu ambao ubongo wao mzima umeegemea kushoto, wala wengine ambao wao ni wa kulia.

Yaani kazi ina upande. Mtu hana.

Na hata kazi yenyewe haikai upande mmoja peke yake. Chukua hesabu, ile inayosemwa ni ya kushoto. Kukadiria kiasi na kulinganisha namba kunatumia sehemu za pande zote mbili. Chukua lugha: maneno na sarufi huegemea kushoto, lakini kujua kwamba mtu anakutania au amekasirika kwa jinsi anavyovuta sauti kunategemea sana upande wa kulia.

Mama anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba, anapiga hesabu ya faida kichwani, anausoma uso wa mteja, na anabadilisha maneno ili bei isishuke. Anatumia upande gani? Zote, kwa wakati mmoja.

Na watoto wa mashoto je? Nao wanasingiziwa sana kwamba ni "ubongo wa kulia" moja kwa moja. Si kweli. Lugha iko zaidi upande wa kushoto kwa takriban watu 95 kati ya 100 wanaotumia mkono wa kulia, na hata kwa takriban 70 kati ya 100 wa mashoto. Kwa hiyo mkono anaoandikia mtoto haukuambii asome nini, na hakuna sababu ya kumchapa ili aubadilishe.

Hata walimu wanaamini

Usijione mjinga kama uliamini. Utafiti uliochapishwa 2012 uliwahoji walimu 242 wa Uingereza na Uholanzi. Asilimia 91 ya walimu wa Uingereza na asilimia 86 ya wale wa Uholanzi waliamini kwamba tofauti za wanafunzi zinaweza kuelezwa kwa upande wa ubongo ulio na nguvu zaidi. Na hawa ni walimu waliopenda kujua habari za ubongo.

Kuna pia wanaofanya hii stori biashara. Nchini India na kwingineko Asia kumeuzwa vipimo vinavyodai kusoma alama za vidole vya mtoto, kisha vinamwambia mzazi upande wa ubongo wenye nguvu na kazi itakayomfaa. Mwaka 2019 chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha India kilisema wazi kwamba vipimo hivyo havina msingi wa kisayansi. Ukiletewa kipimo cha aina hiyo hapa kwetu, tunza hela yako ya ada.

Kwetu hapa, hasara iko wapi?

Iko kwenye uchaguzi wa masomo. Mwanafunzi akiacha Fizikia na Kemia baada ya kidato cha pili, PCM na PCB zimeshamtoka. Uhandisi na udaktari vinakwenda navyo. Machi 2024 serikali ilitangaza tahasusi 65 za kidato cha tano, kutoka 16 zilizokuwepo. Milango imeongezeka, lakini mtoto aliyeambiwa "hesabu si za ubongo wako" anajifungia mwenyewe kabla hajaifikia.

Hasara ya pili ni kubwa zaidi: stori hii inaficha sababu halisi. Mtoto aliyefanya vizuri Hisabati darasa la saba kwa Kiswahili, anafika kidato cha kwanza anakutana na maswali yale yale kwa Kiingereza. Anaporomoka. Ubongo wake haujabadilika wakati wa likizo. Kilichobadilika ni lugha.

Mwingine haoni ubaoni. Mwingine darasa lina wanafunzi wengi mno, au hajawahi kuwa na mwalimu wa kudumu wa somo hilo. Mwingine aliachwa kwenye sehemu, na kila kilichofuata kikajengwa juu ya shimo. Hizi zote zinaweza kushughulikiwa. "Ubongo wa kulia" haushughulikiwi, unakubaliwa tu. Ndiyo maana ni jibu rahisi kwa mzazi, kwa mwalimu na hata kwa mwanafunzi mvivu.

Ufanye nini badala yake?

1. Tafuta alipokwama. Mpe swali la Hisabati kwa Kiswahili. Akiliweza, tatizo ni Kiingereza, siyo hesabu. Mpeleke pia akapimwe macho.

2. Ajipime, asisome tu kwa macho. Mwaka 2013 watafiti walipitia mbinu 10 za kujisomea. Mbili zilizoongoza: kujiuliza maswali bila kuangalia daftari, na kugawanya somo kwenye siku kadhaa badala ya kukesha siku moja. Zinafaa kwa Historia na kwa Fizikia.

3. Tenganisha anachokipenda na anachokiweza kwa sasa. Akipenda Kiswahili au muziki, mwache apende. Kuchagua sanaa kwa sababu unaipenda ni jambo zuri. Kuichagua kwa sababu ya picha ya WhatsApp ni jambo lingine.

4. Ukisikia "utafiti wa ubongo unasema", uliza: utafiti gani, wa nani, na mwenye kusema anauza nini?

Mwanao ana ubongo mmoja, wenye pande mbili zinazofanya kazi pamoja. Kabla hajajaza fomu ya kuchagua masomo, kaa naye na daftari lake la Hisabati, mtafute ukurasa alioanza kupotea.