Kompyuta Inayozimika Bila Kuaga

Tuchukulie kwamba katika shule moja huku Mwika, kwenye barabara ipandayo kuelekea Rombo, pamewekwa Raspberry Pi, kompyuta yenye ukubwa unaokaribia ule wa kadi ya benki, ambayo ilianza kuuzwa Uingereza tarehe 29 Februari 2012, na ambayo huko Karatu imekwisha kutumika katika shule za sekondari kwa umeme wa jua. Na tuchukulie kwamba chombo hicho, baada ya kuwagawia wanafunzi vitabu tangu asubuhi, hujizima ghafula na kujiwasha pasipo mkono wa mtu. Hapo aghalabu hulaumiwa virusi, kisha programu, ilhali umeme, ambao mara nyingi ndio wenye taksiri, hausailiwi hata kidogo.

Chombo hiki hutaka volti 5 tu, lakini huzitaka kamili: zikishuka chini ya 4.63 hutoa onyo, na zikizidi kushuka huanguka. Waya mwembamba wa chaja wenye ukinzani wa ohm 0.2, chombo kinapovuta ampea 2.5, hula nusu volti nzima njiani, ijapokuwa chaja yenyewe haina ila. Mwenye kihamba anyweshaye migomba kwa mfereji wa mfongo anaelewa: maji hutoka mlimani tele, na aliye chini hupata masazo. (Mfano haukai sawasawa, kwani katika waya kipoteacho ni msukumo wa umeme, wala si umeme wenyewe, lakini unatufaa.) Upotevu huo huzidi chombo kivutapo umeme mwingi, ndiyo maana kilichotulia hakianguki, illa pale diski ya nje iliyochomekwa inapoanza kuzunguka.

Ithibati hupatikana kwa amri ya vcgencmd get_throttled: jibu la 0x0 ni salama, na 0x50000 maana yake umeme ulipungua tangu chombo kiwashwe. Taabu ni kwamba jibu hilo hufutika kikijiwasha upya, basi yafaa liulizwe kila dakika na kuandikwa kwenye kadi ya kumbukumbu ya chombo. Daftari la matukio nalo lihifadhiwe humo: likiishia kwa maagano ya kuzima, kuna aliyeamuru, likikatika katikati, tuhuma hurudi kwa umeme. Saa zake zisiaminiwe mno, maana Raspberry Pi 4 na zilizoitangulia hazina saa yenye betri, na pasipo intaneti huamka na wakati uliopitwa.

Joto, kwa baridi ya Mwika, silishuku sana. Tena likifika nyuzi 80 za Selsiasi chombo hupunguza kasi kwanza. Kikianguka hata kwa waya mfupi mnene na chaja ya ampea 3, hapo ndipo kadi iitwe kujibu.