Picha ya kumi na mbili

Mwalimu alifika Kasongo kutoka Kabambare juu ya pikipiki, vumbi jekundu limempanda hadi kwenye nyusi, na kabla hajanawa uso alinitolea simu. Ndani yake mlikuwa na picha 11 za Toyota RAV4 ya rangi ya fedha, imeegeshwa Bukavu mbele ya ukuta mweupe. Ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia, uso, mgongo, viti, redio, kisha redio tena kwa karibu.

"Fundi, unaionaje?"

Nilizipitia mara mbili, nikamrudishia simu yake. "Mwalimu, humu hamna picha hata moja iliyopigwa chini ya goti."

Sisi wa kusini mwa Maniema tunanunua magari tusiyoyashika. Pesa iko Kasongo, Kabambare au Salamabila. Gari liko Bukavu, Uvira, Kalemie au Lubumbashi, na wakati mwingine bado liko Dar es Salaam au huko huko Japani likisubiri meli. Kwenda kulitazama tu, kisha kurudi kufikiri, ni safari ya kumaliza nusu ya akiba ya mtu. Kwa hiyo picha ndiyo imekuwa macho yetu, na macho hayo yameshikwa na muuzaji. Yeye hupiga kile anachokiuza: rangi, viti, muziki. Barabara zetu hula kile asichokipiga.

Kwanza tuelewane tunazungumzia gari gani. Kwetu kila gari lililoinuka kidogo huitwa jipu. Lakini RAV4, Nissan X-Trail, Honda CR-V, Toyota Harrier na wenzao si majipu ya kazi kama Land Cruiser. Ni magari ya familia yaliyopandishwa juu: mwili umeungwa pamoja na sakafu, hakuna shasi ya chuma iliyojitenga chini yake. Ni mepesi, hayanywi mafuta mengi, yanabeba baba, mama, watoto na gunia la mchele. Siyadharau hata kidogo. Familia nyingi zinayahitaji kuliko Land Cruiser zisiyoiweza. Ila yana siri moja ambayo picha ya ubavuni haiwezi kuitoa, nayo ndiyo inayoamua kama utafika Kabambare mvua ikinyesha.

Siri yenyewe ni hii: magurudumu mangapi yanavuta?

Japani barabara zina lami, na watu wengi huko hununua umbo la jipu kwa kupenda umbo tu. Viwanda viliwatengenezea gari lenye sura ile ile, gurudumu la akiba lile lile mlangoni nyuma, lakini linalovuta kwa magurudumu mawili ya mbele peke yake. Ukiliweka kando ya ndugu yake wa magurudumu manne, mtoto wako hawezi kuyatofautisha, na wewe pia hutaweza. Kwenye tope la kuelekea mto Luama tofauti itajitokeza katika mita 10 za kwanza.

Njia ya kuijua ipo, na haigharimu kitu. Ndani ya chumba cha injini, mara nyingi kwenye ukuta unaotenga injini na dereva, kuna kibati chenye maandishi. Omba picha yake, ipigwe kwa karibu mpaka herufi zisomeke. RAV4 ya kizazi cha pili, ile ya mwaka 2000 hadi 2005, yenye milango mitano, ikiandikwa ACA21 inavuta kwa magurudumu manne. Ikiandikwa ZCA26 ni mawili. Ya kizazi cha kwanza, SXA11 ni manne, SXA16 ni mawili. X-Trail ikianza na N, yaani NT30 au NT31, ni manne. Ikiwa T30 au T31 bila hiyo N, ni mawili. CR-V ya zamani, RD1 ni manne na RD2 ni mawili. Harrier ya kwanza yenye injini ya lita 2.4, ACU15 ni manne, ACU10 ni mawili. Herufi moja au tarakimu moja tu, na ndiyo itakayoamua kama utalala nyumbani au utalala njiani.

Muuzaji akisema kibati kimefutika, usigombane naye. Mwambie achuchumae nyuma ya gari, simu aishushe karibu na ardhi, apige akielekeza mbele. Gari la magurudumu manne litaonyesha ponti ya nyuma, lile bonge la chuma katikati ya magurudumu, na shafti ndefu inayotoka mbele kuja kuliingia. La magurudumu mawili halina bonge wala shafti; utaona bomba la moshi na uwazi. Hiyo ndiyo picha ya 12 niliyomwagiza Mwalimu, na mpaka leo nasikitika nikiona watu wanalipa bila kuiomba.

Kibati hicho hicho kina faida nyingine. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani lina namba fupi: herufi za aina, mstari, kisha tarakimu, kwa kawaida sita au saba. Ukiona namba ndefu ya herufi na tarakimu 17, gari hilo lilitengenezwa kwa soko la nchi nyingine, labda Ulaya au Ghuba, na kwa kawaida volani yake iko kushoto. Si kasoro, sisi Wakongomani tunaendesha upande wa kulia wa barabara, na volani ya kushoto ndiyo inayotufaa. Ila kama muuzaji alikuambia limetoka Japani, tayari umejua neno lake lina uzito gani. Na namba hiyo, iwe fupi au ndefu, lazima ifanane tarakimu kwa tarakimu na ile ya kwenye karti rozi na karatasi za forodha za DGDA. Omba picha za hati hizo, uzisome polepole, ikiwezekana mtu wa pili azisome pia.

Ya kwenye volani ya kulia niongeze moja. Taa za mbele za gari la Japani zimepangwa kumulika zaidi upande wa kushoto, kwa kuwa huko wanapita kushoto. Kwetu upande huo ndiko anakotokea mwenzako, nawe unamtia upofu usiku. Hilo halionekani kwenye picha, lakini liweke kwenye hesabu ya pesa utakayoitumia baada ya kununua.

Sasa injini. Kifuniko cha juu cha injini ya RAV4 nyingi za ACA21 zilizouzwa Japani kimeandikwa D-4. Picha moja ya chumba cha injini inatosha kuyaona maandishi hayo, na mimi nikiyaona nasita. Si kwamba injini ni mbaya. Injini ya kawaida hunyunyizia petroli kwenye njia ya hewa kabla haijaingia kwenye silinda. D-4 huipiga moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa, na pampu na vinyunyizio vyake vimechongwa kwa wembamba usiovumilia uchafu. Kisha fikiria petroli yetu: imesafiri kwenye mapipa, ikamiminwa kwenye bidoni, ikaja kwenye chupa za akina kadhafi, wale wauza petroli wa kando ya barabara, pengine imekutana na maji, pengine na mafuta ya taa. Injini ya kizazi cha kwanza, 3S, huinywa hiyo, ikikohoa kidogo inaendelea. D-4 inaugua, na dawa yake haiko Kasongo. Ningekuwa namnunulia mdogo wangu, ningemchukulia SXA11 ya zamani iliyotunzwa kabla ya ACA21 inayong'aa yenye D-4. Najua wengi watanibishia, kwa sababu ile mpya ina sura.

Kuhusu kompteri ya kilomita, usiiamini peke yake, ila usiitupe. Gereji za Japani zina desturi nzuri: zikibadilisha oili hubandika karatasi ndogo kwenye fremu ya mlango wa dereva au chini ya kapo, yenye tarehe na kilomita. Zikibadilisha mkanda wa ndani wa injini, hubandika nyingine. Wauzaji wengi hawazibandui kwa sababu hawazisomi. Mwaka wao mara nyingi unahesabiwa kwa enzi ya mfalme. Enzi ya Heisei ilianza 1989, basi ongeza 1988 kwenye namba unayoiona: Heisei 20 ni 2008, Heisei 24 ni 2012. Enzi ya Reiwa ilianza 2019, ongeza 2018. Ukikuta karatasi inasema kilomita 98,000 katika Heisei 24, na leo kompteri inaonyesha 82,000, mazungumzo yameisha. Pasipo karatasi hizo, tazama mpira wa pedali ya breki na ngozi ya volani. Gari la kilomita 80,000 halina pedali iliyolika mpaka chuma.

Kwenye kompteri hapo hapo omba picha mbili, si moja. Ya kwanza ufunguo umewashwa, injini bado haijawaka: taa ya injini, ya mifuko ya hewa na ya breki za ABS lazima zote ziwe zinawaka. Ya pili injini inanguruma: zote ziwe zimezimika. Watu wanadai picha ya pili tu, wakiona hakuna taa wanafurahi. Lakini taa isiyowaka hata katika picha ya kwanza huenda imeng'olewa au imezibwa ili isiseme.

Ajali husomwa kwenye mwanga. Usikubali picha ya gari lililolowa maji, kwa maana maji huziba mikwaruzo na kusawazisha rangi. Omba picha gari likiwa kavu, asubuhi au alasiri, mpigaji asimame kwenye kona akitazama ubavu mzima kwa mshazari. Mstari wa mwanga utembee kwenye milango kama kamba iliyovutwa. Ukipinda au ukitetemeka kwenye mlango mmoja, mlango huo umenyooshwa na kujazwa. Kisha kapo lifunguliwe, zipigwe picha bolti zinazoshika madigadi ya mbele. Bolti zilizochubuka rangi kichwani zimewahi kufunguliwa. Taa moja ya mbele ikiwa nyeupe na mwenzake ana ukungu wa uzee, uliza kwa nini.

Kama gari bado liko Japani au limefika Dar hivi karibuni, dai karatasi ya mnada. Humo kuna mchoro wa gari wenye herufi: A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni mahali palipotengenezwa pakaacha mawimbi, XX ni kipande kilichobadilishwa, S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula chuma. Daraja likiwa 4 ni zuri, 3.5 linavumilika, na R maana yake gari lilitengenezwa baada ya ajali. Mimi S na C hunitisha kuliko A ishirini. Kaskazini mwa Japani wakati wa baridi humwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo huingia sehemu za chini na kubaki. Gari ambalo mwili wake ndio shasi yake, likiliwa na kutu chini, limeliwa mifupa.

Matairi manne yapigwe kila moja peke yake, meno yaonekane. Hapa simaanishi gharama ya kununua mapya. Katika ACA21 nguvu hugawanywa kati ya mbele na nyuma na kifaa chenye mafuta mazito ndani, nacho kinataka magurudumu yote yazunguke sawasawa. Tairi mbili mpya mbele na mbili zilizolika nyuma hukilazimisha kifanye kazi bila kupumzika hata kwenye njia kavu, mpaka kiungue. Kwa hiyo matairi yasiyolingana yananiambia jinsi mwenye gari alivyoishi nalo. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne ndani ya duara la yai: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Mkanda wa kiti uvutwe hadi mwisho na upigwe picha. Mstari wa tope lililokauka ni dalili ya gari lililozama. Mambo ya viti na redio nawaachia wenyewe.

Na picha zitumweje? WhatsApp ikituma picha kama picha, huiminya na kuifuta tarehe yake. Mwambie muuzaji aitume kama dokumenti. Itakula megabaiti, na mtandao wa Kabambare unajulikana, lakini utapata tarakimu zinazosomeka na siku ambayo picha ilipigwa. Tena katika picha moja aweke juu ya kapo kipande cha karatasi chenye jina lako na tarehe ya leo. Mteja wangu mmoja, bila kufanya hivyo, aliletewa gari tofauti na la kwenye picha. Ilikuwa rangi ile ile.

Picha ya Mwalimu ilifika jioni. Ponti ilikuwepo, shafti pia, tukashukuru Mungu. Lakini chini kote palikuwa peusi ti, peusi pa kung'aa, mpaka kwenye bolti na kwenye mipira.

"Si wameipaka dawa ya kutu, Fundi? Hii si vizuri?"

"Imepakwa juzi, Mwalimu. Mwambie achukue bisibisi, akwaruze pale nyuma ya gurudumu, kipande cha kiganja tu, halafu apige tena."

Mwalimu alivaa miwani yake, akaanza kuandika ujumbe.