Waya wa spika: Kabla ya kulipia jina, kwangua uone shaba

Umenunua amplifaya na spika mbili za maana. Kabla hujatoka dukani muuzaji anakuletea waya mnene, ndani ya plastiki angavu, umeandikwa maneno makubwa ya Kiingereza. Bei yake inakaribia ya spika yenyewe. Ulipe?

Mara nyingi jibu ni hapana. Mwaka 2007 James Randi, mwanamazingaombwe mstaafu wa Marekani aliyejulikana kwa kuanika madai ya uongo, aliahidi dola milioni 1 kwa atakayeweza kutofautisha kwa sikio tu waya wa spika wa dola 7,250 na waya wa kawaida. Jaribio halikufanyika, na fedha hizo hazikuchukuliwa na mtu.

Hiyo haimaanishi kila waya ni sawa. Kuna mambo matatu yanayobadilisha mambo kweli: waya umetengenezwa kwa nini, una unene gani, na umefungwaje.

Tuanze na unene, maana hesabu yake ni nyepesi. Waya wa shaba wa 1.5 (yaani milimita za mraba), ukienda mita 10 hadi kwenye spika na kurudi, una ukinzani wa kama omu 0.23. Spika nyingi za nyumbani zimeandikwa omu 8 kwa nyuma, na kanuni wanayoifuata mafundi wengi ni waya usizidi asilimia 5 ya hapo, yaani omu 0.4. Kwa hiyo 1.5 inatosha kabisa sebuleni. Spika ikiwa ya omu 4 na iko mbali, chukua 2.5. Ule mwembamba wa 0.5 unaokuja bure kwenye boksi, kwa mita hizo 10 unafika karibu omu 0.7. Kwa mita mbili tatu hauna shida.

Tatizo kubwa zaidi ni waya feki. Nyaya nyingi za bei rahisi zinazong'aa kama shaba ni alumini iliyopakwa shaba juu. Alumini inapitisha umeme kwa taabu zaidi, ukinzani wake ni kama mara 1.6 ya shaba, na nyuzi zake hukatika upesi zikikunjwa mara kwa mara. Ukiuziwa alumini kwa bei ya alumini, sawa, nunua mnene zaidi. Ukiuziwa kwa bei ya shaba, umepigwa.

Kuigundua ni rahisi. Chubua plastiki, kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini. Au chukua uzi mmoja mwembamba uuweke kwenye moto wa kiberiti cha gesi. Shaba itaiva nyekundu na kubaki imesimama, alumini italegea na kuyeyuka. Hata uzito unasema, maana rola ya alumini ni nyepesi mno mkononi.

Ukishapata shaba, kazi ya kutengeneza ni ya nusu saa. Kata nyaya za spika mbili kwa urefu unaolingana, chubua kama sentimita moja kila ncha, kisha sokota nyuzi zikae pamoja. Hapa usiwe na haraka. Uzi mmoja ukichomoza na kugusa upande wa pili, ni shoti, na amplifaya inaweza kuungua siku hiyo hiyo. Ncha inayobanwa na skrubu usiipake risasi ya kuchomelea. Risasi ni laini, inabonyea polepole na baada ya miezi kadhaa waya unalegea.

Nyekundu iende nyekundu, nyeusi iende nyeusi, kwa spika zote mbili. Ukigeuza moja, besi inapotea na utalaumu spika bure. Kama rangi zimefutika, chomoa waya kwenye amplifaya, gusisha ncha kwenye betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja tu. Koni ikisukumwa nje, waya uliogusa chanya ya betri ndio chanya ya spika.

Waya wa pini, ule wa RCA unaotoka kwenye simu, TV au deki kwenda amplifaya, ni habari nyingine. Unene si hoja, kwa sababu umeme wake ni mdogo sana. Hoja ni ule wavu wa nje unaozuia mvumo wa umeme wa ukutani usiingie kwenye muziki. Ukitengeneza mwenyewe, waya wa katikati unachomelewa kwenye pini na wavu kwenye mwili wa plagi. Wengine hutumia waya wa dishi uliobaki, lakini wavu wake mara nyingi ni wa alumini na risasi haishiki. Tafuta wenye wavu wa shaba, na upitishe mbali na waya wa umeme wa TV.