Nilijisifu damu ngumu, nikaumbuka!

Jamani, domo langu litaniponza. Miaka mitatu tuliyokaa chumba kimoja pale Manzese, mimi na mshikaji wangu tulikuwa na ubishi usiokwisha. Kwake yeye malaria ilikuwa kama kodi ya nyumba, kila baada ya muda lazima ailipe. Mimi, wala! Homa naisikia kwa majirani tu. Akilala hoi, dozi ya mseto iko kwenye stuli, namsimamia pale pale namtambia: "Babu, damu yako nyepesi. Ya kwetu sisi ni chuma, mbu akininyonya anakufa yeye!"

Siku moja dada akanituma nimpeleke mwanawe kliniki. Mpwa wangu huyo ana selimundu, ile wengine tunaita sikoseli, na maumivu ya mifupa yakimshika nyumba nzima hailali. Tukiwa kwa daktari, domo likanitoka tena. Nikamweleza habari za damu yangu ya chuma.

Daktari akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Hapo chumbani, nani analala ndani ya chandarua?"

Nikameza mate. Chandarua ni changu, mama alinipa siku naondoka nyumbani. Mwenzangu godoro lake liko chini ya dirisha, na wavu wa dirisha lenyewe umechanika.

"Basi hujapima damu, kijana," akasema. "Umepima chandarua."

Msomaji wangu, hapo ndipo nilipojua kwamba kumtafuta mwenye damu inayozuia ugonjwa kuna ufundi wake.

Mfano ukawa hapo hapo mbele yetu, kwa mpwa wangu. Mtoto akirithi jeni ya selimundu kwa baba na kwa mama anakuwa SS, huyo ndiye mgonjwa. Akirithi kwa mzazi mmoja tu anakuwa AS, na kwa kawaida anaishi bila shida. Asiye nayo kabisa ni AA.

Mwaka 1949 kijana mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alizunguka nchi hiyo akipima damu za watu. Akaona jambo: pwani na kandokando ya Ziwa Victoria wenye jeni hiyo ni wengi, kwenye nyanda za juu ni wachache mno. Na malaria nayo iko vivyo hivyo! Mimi na wewe tungeshangilia tukaenda zetu kulala. Lakini watu wa pwani na wa milimani wanatofautiana kwa mengi, kuanzia chakula hadi asili yao. Utajuaje kilicholeta tofauti ni kipi?

Ndiyo maana akapima watoto 290 wa Kiganda karibu na Kampala, wa kabila moja na eneo moja. Kati ya 43 wenye jeni ya selimundu, 12 walikutwa na vijidudu vya malaria. Kati ya 247 wasio nayo, walikutwa 113. Yaani 28 kwa 100 dhidi ya 46 kwa 100. Aliyachapisha mwaka 1954.

Hata hapo bado. Kuwa na vijidudu si sawa na kuugua, na kuugua si sawa na kufikia kuzimia na kuongezwa damu. Kule Kilifi wataalamu walifuatilia watoto kwa miaka na kuchapisha mwaka 2005: watoto AS walipata malaria ya kawaida pungufu kwa karibu nusu, na ile kali inayoua pungufu kwa karibu asilimia 90. Kinga ipo, lakini si ya kumzuia mbu.

"Sasa tega sikio," daktari akaniambia. "Ukitaka kulinganisha wagonjwa na wazima, watoke sehemu moja, wawe na umri unaofanana, na makabila yao yachanganyike kwa namna moja. Ukichukua wagonjwa wa kabila hili na wazima wa kabila lile, jeni yoyote inayotofautisha makabila hayo itajifanya ndiyo kinga. Na asiyeumwa na mbu usimwite shujaa."

Jambo lingine ni idadi. Siku hizi mashine inapima sehemu mamilioni za vinasaba kwa mtu mmoja, kwa hiyo chache lazima zioane na ugonjwa kwa bahati tu. Dawa yake ni kupima watu wengi. Utafiti wa malaria uliochapishwa mwaka 2019 ulikuwa na watu kama 17,000 kutoka nchi 11, Kenya na Tanzania zikiwemo. Mimi nilikuwa na watu wawili na domo!

Basi, kwa ubishi wetu ule ule, tukaenda kupima mimi na mshikaji. Majibu yakatoka. Mimi wa damu ya chuma: AA, sina lolote. Yeye, mlipa kodi wa malaria: AS.

Nikaanza kucheka, yeye hakucheka. Mwaka huu anaoa. Mchumba wake akiwa AS pia, kila mimba wanayopata ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto SS. Na mpwa wangu anamfahamu, amewahi kumbeba usiku akilia.

"Nimwambieje mwenzangu?" akaniuliza. Kwa mara ya kwanza domo langu likakosa neno. Mwishowe nikamwambia, mwambie kama ulivyoambiwa wewe, kisha mwende wote kabla hamjapanga kingine.

Jumamosi wanakwenda. Mimi nitabaki chumbani na nyundo, kuna chandarua cha pili cha kutundika pale dirishani.